Goti Linatibiwa, Nyonga Haijaguswa

SWALI

Mshauri wetu mpendwa,

Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa miaka 54, mkazi wa Arua, na riziki yangu naipata kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu: nashona vitenge mwaka mzima, na shule zinapokaribia kufunguliwa nashona sare hadi usiku. Ninakuandikia kwa sababu mguu wangu wa kulia umenichosha, na kila anayeuangalia ananiambia lake.

Maumivu yalianza mwaka jana kwenye goti, kwa mbele na upande wa ndani. Katika kliniki moja goti lilipigwa picha, nikaelezwa kwamba limelika kidogo kama magoti ya watu wa umri wangu na kwamba mafuta yake yamekauka. Tangu hapo nimekuwa nikichomwa sindano ya diklofenaki kila maumivu yanapozidi. Sindano inanituliza siku mbili tatu, kisha hali inarudi ilivyokuwa. Jambo linalonishangaza ni kwamba goti hili halijawahi kuvimba wala kupata joto, na mtabibu akilibonyeza sisikii maumivu makubwa.

Miezi ya karibuni maumivu yamejitokeza pia kwenye kinena, yanateremka mbele ya paja hadi gotini. Nikiinuka baada ya kushona kwa muda, hatua za kwanza ni za taabu mpaka mguu ulainike. Siwezi tena kufunga kamba ya kiatu cha kulia bila kusaidiwa, kukata kucha za mguu huo kumenishinda, na kukaa mkekani nimeacha. Kupanda boda boda kwa kutanua miguu ni mateso. Katika swala, kukaa tahiyatu kumekuwa kugumu kuliko kusujudu. Wateja wananiambia kwamba nachechemea, na sasa goti la kushoto nalo limeanza kuuma ninaposhuka ngazi.

Binti yangu anayesomea uuguzi anasema tatizo liko kwenye nyonga. Nilipolirudia neno lake kliniki, nilijibiwa kwamba mgonjwa wa nyonga haumwi goti. Jirani yangu naye ananitisha kwamba anayepasuliwa nyonga hatembei tena. Nieleze pia kwamba ninameza dawa ya presha, na kwamba nina pumu tangu usichana. Kifua kinapobana hununua prednisoloni dukani, na miaka hii ya karibuni nimeitumia mara nyingi. Uzito wangu umeongezeka tangu nilipopunguza kutembea.

Je, nina ugonjwa mmoja au miwili? Niendelee na sindano? Niache cherehani? Na kama ni nyonga kweli, je, upasuaji hauepukiki?

Mama Fundi, Arua

JIBU

Waalaikumu salaam, Mama Fundi, na pole sana. Umeyapanga maelezo yako vizuri, na mpangilio huo unaniwezesha kusema jambo ambalo nisingethubutu kulisema kwa barua yenye maneno machache: dalili ulizozitaja zinaelekeza kwenye nyonga ya kulia kabla ya kuelekeza kwenye goti, na nyonga hiyo inapaswa kupimwa na kupigwa picha mapema, kabla hujachomwa sindano nyingine. Barua haiwezi kuchukua nafasi ya mikono ya mtabibu, kwa hiyo sikupi jina la ugonjwa. Nitakueleza sababu za shaka yangu, na namna ya kuifikisha kwa mtu anayeweza kuithibitisha au kuiondoa.

Nianze na jibu ulilopewa kwamba mgonjwa wa nyonga haumwi goti, kwa kuwa jibu hilo si sahihi na limewachelewesha watu wengi. Nyonga na goti hupata hisia kupitia neva zilezile, zinazoanzia katika uti wa mgongo sehemu ya kiunoni. Moja kati ya neva hizo hupita ndani ya fupanyonga, ikatoa tawi kwa kiungo cha nyonga, kisha ikateremka upande wa ndani wa paja na kutoa tawi jingine linalofika gotini. Nyingine hupita mbele ya paja na kuvihudumia viungo vyote viwili vivyo hivyo. Nyonga imefichwa chini ya misuli minene, na ubongo haukuzoea kuitambua mahali ilipo kama unavyolitambua goti, ambalo tunaliona na kuligusa kila siku. Taarifa ya maumivu inapofika kwa njia hiyo ya pamoja, ubongo huweza kuihesabu kuwa ya goti, kama vile mpita njia wa usiku anavyosikia mbwa akibweka asijue anabweka katika ua upi. Wapo wagonjwa wa nyonga ambao hawasikii maumivu popote isipokuwa gotini, na wapo waliofanyiwa hata upasuaji wa goti, maumivu yakabaki palepale kwa sababu chanzo hakikuwa pale. Kwa hiyo wanafunzi wa udaktari na wa fiziotherapia hufundishwa kwamba anayelalamikia goti apimwe nyonga pia, na mtoto anayelalamikia goti asiachwe kupimwa nyonga hata siku moja.

Viungo hivi viwili vinahusiana pia kwa namna ya pili, nayo ni ya kazi wala si ya neva. Kila unapopiga hatua, kwa muda mfupi mwili wote husimama juu ya mguu mmoja, na misuli ya ubavuni mwa nyonga ndiyo inayozuia kiuno kisianguke upande wa pili. Misuli hiyo ikidhoofika, au ikikataa kukaza kwa sababu ya maumivu, kiwiliwili huinama upande, paja hujipinda kuelekea ndani, na pia ya goti huvutwa nje ya njia yake. Nyonga iliyokakamaa nayo hainyooki vizuri kwa nyuma, kwa hiyo goti hulazimika kutembea likiwa limekunjwa nusu, na uso wake wa mbele hubeba mzigo usioisha. Goti lako la kushoto sidhani kwamba limepata ugonjwa uliohama kutoka kulia. Mguu wa kushoto umekuwa ukibeba sehemu ya kazi ya mwenzake kwa miezi, na goti linalalamika kwa sababu hiyo. Mambo haya huenda pia kinyume: goti lisilonyooka sawasawa huufanya mguu uwe kama mfupi, na baada ya muda nyonga na kiuno huanza kuuma.

Sasa niseme ni nini hasa katika barua yako kilichonishawishi. Goti lenye ugonjwa wake lenyewe kwa kawaida huonyesha alama: huvimba baada ya kazi, huuma likibonyezwa kwenye ukingo wa kiungo, au hukataa kukunjika. La kwako halina hata moja kati ya hizo. Maumivu ya kinena yanayoteremka mbele ya paja mara nyingi ni maumivu ya kiungo cha nyonga chenyewe, tofauti na maumivu ya ubavuni juu ya mfupa unaochomoza, ambayo mara nyingi hutokana na kano za misuli ya makalio na humzuia mtu kulalia ubavu huo. Ni tofauti pia na maumivu ya kalio yanayopita nyuma ya paja na goti hadi unyayoni yakiambatana na ganzi, ambayo chanzo chake huwa ni mgongo. Kufunga kiatu, kukata kucha, kukaa mkekani, kutanua miguu juu ya boda boda na kukaa tahiyatu ni vitendo vinavyoitaka nyonga ikunjike sana au izunguke, na kuzunguka ndiko ambako nyonga iliyougua hupoteza mapema kuliko miendo mingine.

Kuna kipimo chepesi ambacho binti yako anaweza kukusaidia kukifanya nyumbani. Kaa juu ya meza imara, miguu ikining'inia, magoti yakiwa pamoja. Bila kuliondoa goti mahali pake, aupeleke unyayo wako nje polepole, kwanza wa kushoto kisha wa kulia. Mwendo huo unaonekana kama wa unyayo, lakini kwa hakika ni paja linalozunguka kuelekea ndani katika kikombe cha nyonga. Ikiwa mguu wa kulia unakwama mapema kuliko wa kushoto, na hasa ikiwa maumivu yaleyale ya goti au kinena yanaamka, nyonga inahusika. Kisha lala chali, aushike mguu uliolegezwa, alikunje na kulinyoosha goti bila kulisukuma paja kuelekea tumboni. Goti likienda vizuri hapo, lakini maumivu yakatokea paja linapopelekwa juu au kuzungushwa, mtakuwa na jambo la kumwonyesha mtabibu. Asilazimishe mwendo wowote. Akikuta ukinzani, aishie hapo.

Nakuja kwenye jambo ulilolitaja kama la kupita, nalo ndilo lililonifanya nikujibu kwa haraka. Prednisoloni, ikitumiwa mara nyingi au kwa wingi, inaweza kudhuru mifupa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuipunguzia uimara, hata ikaweza kupasuka bila ajali kubwa. Ya pili ni kukatiza damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, kile cha mviringo kinachoingia katika kikombe cha nyonga. Sehemu ya mfupa hufa, na isipogunduliwa mapema huweza kubonyea chini ya uzito wa mwili. Sisemi kwamba ndilo lililokupata. Nasema kwamba mtu mwenye pumu aliyetumia dawa hiyo mara kwa mara, na ambaye sasa ana maumivu ya kinena, hafai kuambiwa kwamba ni umri tu bila kupigwa picha ya nyonga. Madaktari waliofanya kazi Afrika wameona tangu zamani kwamba nyonga zetu huchakaa kwa umri peke yake mara chache kuliko za Wazungu, kwa hiyo nyonga inapoharibika ni lazima sababu itafutwe: dawa za jamii ya prednisoloni, pombe nyingi, virusi vya UKIMWI, kifua kikuu cha mifupa, maambukizi au ajali ya utotoni, na sikoseli. Hii ya mwisho si jambo dogo nchini Uganda, ambako uchunguzi wa kitaifa wa watoto wachanga wa mwaka 2014 na 2015 ulikuta kwamba asilimia 13.3 walikuwa wamebeba jeni yake kwa upande mmoja na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kijana mwenye ugonjwa wa sikoseli anayeanza kuchechemea asiachwe na panado.

Ikiwa kwa sasa unameza prednisoloni kila siku, usiiache ghafla, kwa kuwa mwili uliozoea kuipata huweza kuporomoka ikikatwa kwa mara moja. Mwone daktari wa kifua akupangie dawa ya kuvuta inayozuia pumu, ambayo dozi yake huenda moja kwa moja kwenye mapafu na kupunguza haja ya vidonge. Pumu iliyodhibitiwa vizuri ni sehemu ya matibabu ya mguu wako.

Kuhusu sindano, ushauri wangu ni kwamba usichome nyingine kwa sasa. Diklofenaki hupunguza maumivu kweli, lakini huweza kupandisha presha, kuchubua tumbo na kuzisumbua figo, hasa ikikutana na baadhi ya dawa za presha. Na kwa baadhi ya wenye pumu, dawa za jamii yake, ibuprofeni na aspirini zikiwamo, huweza kukibana kifua kwa ukali. Wewe una presha na pumu kwa pamoja, na sikuona katika barua yako kwamba aliyekuchoma aliuliza lolote kuhusu hayo. Uliza pia kama sindano zile zilikuwa na diklofenaki peke yake, kwa sababu zipo sehemu ambako huchanganywa na deksamethasoni, ambayo ni ya jamii moja na prednisoloni. Daktari atahitaji kulijua hilo. Kwa kutuliza maumivu, anza na parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kwa kila mara, bila kuzidisha vidonge 8 kwa siku nzima, na kama una ugonjwa wa ini uliza kwanza. Kitambaa cha maji ya moto, yasiyounguza, kikiwekwa kinenani na mbele ya paja kwa dakika 15 au 20, husaidia misuli iliyokaza kulegea. Mafuta ya kupaka yenye dawa huweza kusaidia goti, kwa kuwa goti liko karibu na ngozi, lakini hayafiki kwenye nyonga, na kwa mwenye pumu yanahitaji tahadhari ileile. Yale maneno kwamba mafuta ya goti yamekauka yasikutie hofu: kiungo hutengeneza ute wake daima, na kulika kidogo kunakoonekana katika picha hupatikana hata kwa watu wengi wa umri wako wasioumwa chochote.

Nenda hospitali ya rufaa ya Arua, kitengo cha mifupa, ukiwa na picha ya goti uliyonayo na majina ya dawa zote yameandikwa katika karatasi moja. Usianze kwa kusema goti linauma, kwa sababu macho ya mtabibu yatashuka hapo na kubaki hapo. Sema una maumivu ya kinena yanayofika gotini, kwamba huwezi kufunga kiatu, na kwamba umetumia prednisoloni kwa miaka. Omba nyonga zote mbili zipimwe na zipigwe picha pamoja, kwa kuwa ugonjwa wa kukosa damu mara nyingi hushika pande zote mbili hata kama upande mmoja ndio unaouma. Picha ya kawaida inaweza kuonekana safi mwanzoni mwa ugonjwa huo; ikiwa hivyo na maumivu yanaendelea, uliza kuhusu kipimo cha MRI, yaani picha ya kina ya mashine ya sumaku, ambacho huenda kikakulazimu kusafiri hadi Kampala. Najua gharama ya safari hiyo kwa mtu anayeishi kwa kushona, na ndiyo sababu nasisitiza ianzwe picha ya karibu, yenye bei ndogo, ambayo mara nyingi inatosha.

Hali fulani hazingoji miadi. Ukishindwa ghafla kuukanyagia mguu, hata kama hukuanguka, au ukipata homa pamoja na maumivu makali ya nyonga au goti lililovimba na kuwa moto, au maumivu yakikuamsha usiku huku unakonda na kutoka jasho jingi, au miguu ikipata ganzi na mkojo ukawa haudhibitiki, nenda siku hiyohiyo.

Wakati unasubiri, fimbo itakusaidia kuliko sindano, mradi ishikwe kwa mkono unaofaa. Watu wengi hushika fimbo upande unaouma, na hapo faida yake kwa nyonga hupungua sana. Wewe ishike kwa mkono wa kushoto, uitangulize pamoja na mguu wa kulia, ili mkono ubebe sehemu ya mzigo ambao misuli ya nyonga ya kulia ingeubeba. Ili kupima urefu wa fimbo, simama wima ukiwa na viatu, mikono ikining'inia. Kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Katika ngazi, unapopanda tanguliza mguu wa kushoto, unapoteremka tanguliza wa kulia pamoja na fimbo. Najua akina mama wengi huona aibu kuonekana na fimbo wakiwa bado wana nguvu, lakini kuchechemea kunaonekana zaidi kuliko fimbo, na kunaliumiza goti la kushoto.

Cherehani usiiache, ibadilishe. Kiti cha chini huikunja nyonga kupita kiasi na kukibana kinena, kwa hiyo kiinue kwa mto mgumu au ubao mpaka mapaja yako yateremke kidogo kuelekea magotini, na meza ya mashine iinuliwe kwa kadiri hiyo. Kanyagia zaidi kwa mguu wa kushoto kwa sasa, na ukipata mota ndogo ya umeme, itakuwa fedha iliyotumika vizuri. Usishone zaidi ya nusu saa bila kusimama na kuzunguka chumba. Nyumbani, jerikeni ya lita 20 ibebwe na wengine au igawanywe katika vyombo vidogo. Kazi za kuinama sana zifanyiwe juu ya meza. Na kwa choo cha kuchuchumaa, mwombe seremala akutengenezee kiti imara chenye tundu. Boda boda iwe ya dharura, nawe uipande ukiwa umesimama mahali palipoinuka. Kuhusu swala, dini imemruhusu mgonjwa kuswali ameketi, na kiti kitakuondolea tahiyatu inayokuumiza. Sheikh wako atakueleza namna ya kurukuu na kusujudu ukiwa kitini.

Mazoezi ni dawa ya msingi ya nyonga na goti vilivyochakaa, lakini kwa sababu ya historia yako ya prednisoloni nakuomba uanze na mepesi tu hadi picha itakaposomwa. Lala kifudifudi kitandani dakika chache asubuhi na jioni, ili mbele ya nyonga inyooke baada ya saa nyingi za kukaa. Ikikuuma, weka mto mwembamba chini ya tumbo. Ukiwa umeketi, nyoosha goti, kaza misuli ya paja, hesabu hadi tano, ushushe mguu taratibu. Picha ikionyesha kwamba mfupa uko salama, mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali hiyo atakuongezea mengine: kulala chali ukiwa umekunja magoti na kuinua makalio, kulalia ubavu wa kushoto na kuinua mguu wa kulia ulionyooka, kusimama kutoka kwenye kiti kirefu bila kujivuta kwa mikono, magoti yakielekea mbele yasigongane. Mara 8 hadi 12 kwa kila zoezi, ukirudia duru mbili au tatu, siku tatu kwa wiki, ni mwanzo mzuri. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika, lakini yakiwa bado yamezidi siku inayofuata, punguza idadi. Misuli haijengeki kwa siku chache. Tarajia tofauti kati ya wiki ya 6 na ya 12, na usikate tamaa katika wiki ya tatu, ambapo wengi huacha kwa kudhani kwamba haisaidii.

Uzito nao unahusika, na nakuandikia haya bila lawama, kwa maana mtu anayeumwa hutembea kidogo, na prednisoloni yenyewe huongeza hamu ya kula. Watafiti waliopima nguvu zinazopita gotini wakati wa kutembea walikuta kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Kupunguza sukari katika chai, soda na vitu vya kukaangwa kunatosha kuanzia, bila kujinyima mboga, maharage, samaki na ufuta.

Hatimaye upasuaji. Jirani yako anaweza kuwa amemwona mtu mmoja aliyepata matatizo, lakini hofu yake haiwakilishi hali ilivyo. Upasuaji wa kubadilisha nyonga kwa namna inayofanana na ya leo ulianzishwa na John Charnley nchini Uingereza mwaka 1962, na kumbukumbu za wagonjwa wa Australia na Finland zinaonyesha kwamba takriban nyonga 6 kati ya 10 zilizobadilishwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Mgonjwa kwa kawaida huanza kusimama na kutembea kwa msaada siku ileile au kesho yake. Nchini Uganda, matibabu ya mifupa ya kiwango cha juu yanapatikana katika hospitali ya Mulago jijini Kampala na katika hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe. Hata hivyo upasuaji si wa kukimbilia: ikiwa nyonga yako imechakaa kwa kadiri, fimbo, mazoezi na mabadiliko ya kazi yanaweza kukutosha kwa miaka; lakini ikiwa kichwa cha mfupa kinakosa damu lakini hakijabonyea, kuna upasuaji mdogo zaidi unaojaribu kukiokoa, na ndiyo maana kuchelewa kuna gharama. Ukifika mbele ya daktari wa upasuaji, muulize mambo matatu kabla ya kukubali au kukataa: picha inaonyesha ugonjwa umefika hatua gani, nini kitatokea ukisubiri mwaka mmoja, na nani atakufanyisha mazoezi ukisharudi Arua.